Viwanda, forodha na deni: gemu za mkakati zinavyozichora nchi zilizochelewa kuwa na viwanda

Umeuliza mambo mawili: kama gemu za mkakati za kihistoria zinazitendea haki nchi ambazo hazikuwa na viwanda karne ya 19, na kama kuzicheza kuna maana au ni kujitafutia mateso. Nitajibu kwa urefu kidogo, maana hizo ndizo nchi ninazocheza karibu muda wote: Ethiopia, Misri, Japani, Uajemi, mara mojamoja Siam (Thailand ya leo). Uingereza na Prussia nilishaziacha. Huko ushindi unakuja wenyewe.

Tuanze na Victoria II, gemu ya kuendesha nchi katika karne ya 19, kwa sababu ndiyo iliyowafundisha wengi wetu kufikiri hivi. Tangu nyongeza ya A House Divided ilipotoka 2012, nchi iliyowekwa katika kundi la "wasiostaarabika" haivumbui teknolojia. Pointi zake za utafiti zinanunua mageuzi: wakufunzi wa kijeshi kutoka nje, shule za jeshi, mageuzi ya ardhi, ya fedha, ya elimu. Kila mageuzi yanaongeza asilimia. Zikifika 100 unabonyeza kitufe, na kufumba na kufumbua umeingia daraja moja na Ubelgiji. Ni mfumo unaocheza vizuri sana, nakiri, na ule msisimko wa kubonyeza kile kitufe haujanichosha. Lakini angalia unachokubali bila kujua: kwamba kikwazo kiko ndani ya nchi, kwamba ni ujinga wa kuondolewa kwa pointi, na kwamba ukishavuka mstari hakuna wa kukurudisha nyuma.

Europa Universalis IV, gemu ya mkakati ya karne zilizotangulia, ilikuwa na kosa la aina hiyohiyo. Tangu 2013 hadi 2016 kila nchi ilikuwa na kundi lake la teknolojia, na asiye Mzungu alilipa gharama kubwa zaidi kwa kuzaliwa tu. Kisha wakaleta taasisi, mathalani Mwamko wa Sanaa (Renaissance, ulioanzia Italia) na mashine ya uchapaji, zinazozuka mahali na kusambaa jimbo hadi jimbo. Ni afadhali. Hata mfalme wa mbali kabisa na Italia anaweza kumwaga pointi zake kwenye jimbo moja mpaka Mwamko uzuke hapo kwake. Kihistoria ni jambo la ajabu, ila angalau mlango haujafungwa kwa rangi ya ramani.

Sasa nije kwenye Misri, kwa sababu Misri ndiyo inayovunja hoja nzima ya ngazi na kitufe. Muhammad Ali, gavana wa Misri chini ya Sultani wa Waosmani (Waturuki), alishika madaraka 1805. Alihodhi biashara ya pamba, yaani serikali yake pekee ndiyo iliyonunua na kuuza, akajenga viwanda vya nguo na karakana za silaha, akaweka kiwanda cha uchapaji Bulaq, na 1826 akatuma wanafunzi Paris, msafara ambao mwanazuoni Rifa'a al-Tahtawi alikuwamo. Wakulima walilipia haya yote kwa jasho na kwa kulazimishwa, na jeshi lake lilikaribia kumwangusha Sultani mwenyewe. Kwa hesabu ya Victoria II, huyu alikuwa anakaribia asilimia 100.

Kilichofuata hakikuwa ukosefu wa teknolojia. Mwaka 1838 Uingereza ilitia saini na Waosmani mkataba wa Balta Liman, uliofuta uhodhi wa biashara katika milki yote, Misri ikiwamo, na kufunga ushuru wa bidhaa za nje katika kiwango cha chini. Mwaka 1841, baada ya mataifa makubwa ya Ulaya kuingilia kijeshi, jeshi la Misri likapunguzwa hadi askari 18,000. Fikiria maana yake kwa viwanda: mnunuzi wao mkuu alikuwa jeshi, na kinga yao ilikuwa uhodhi. Vyote viwili vikaondoka ndani ya miaka mitatu. Baadaye mjukuu wake Ismail, aliyetawala Misri, akajaribu tena kwa mikopo. Mfereji wa Suez ukafunguliwa 1869, hisa za Misri zikauzwa kwa Uingereza 1875 kwa takriban pauni milioni 4, tume ya wadai ikakaa juu ya mapato ya nchi 1876, na 1882 wanajeshi wa Uingereza wakaingia.

Hakuna gemu niliyocheza iliyonipa hisia hiyo. Deni kwenye gemu ni namba nyekundu. Likizidi unafilisika, unateseka kwa muda, kisha unaendelea. Sijawahi kuamka nikakuta mdai wangu amekaa ofisini kwangu akiamua nani alipwe mshahara. Ningeipigia makofi timu yoyote itakayothubutu kuliweka hilo, kwa sababu ndilo lililoimaliza Misri.

Victoria 3, iliyotoka 2022, imepata nusu ya jambo hili vizuri kuliko gemu yoyote ninayoijua. Ndani ya nchi, nguvu zimegawanyika: wenye ardhi, jeshi, viongozi wa dini, wenye viwanda. Ukicheza Japani na kutaka kufungua biashara, wenye ardhi wanaona wazi watakachopoteza, na ukiwasukuma haraka wanaanzisha vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa vidole kwa nini mtawala mwenye akili timamu angechelewesha mageuzi aliyojua yanahitajika. Kujenga reli ni rahisi. Kumvua bwana ardhi kodi yake ndiyo kazi. Pia kuna bandari za mkataba, ambapo taifa la nje linafanya biashara bila kujali ushuru wako. Hilo ni zuri na wengi hawalithamini, ingawa naona madhara yake ni madogo mno ukilinganisha na Balta Liman.

Japani nayo husifiwa kwenye majadiliano haya kama mwanafunzi aliyefaulu, na gemu zinaichukulia hivyo. Lakini nayo ilifungwa na mikataba ya biashara na mataifa ya Magharibi tangu 1858, na haikupata uhuru kamili wa kupanga ushuru wake mpaka 1911. Iliponea wapi? Serikali ya Meiji, ile ya wanamageuzi wa Japani, ilikopa nje kidogo sana katika miongo ya mwanzo, ikategemea kodi ya ardhi ya 1873 na hariri iliyouzwa nje, na hakuna aliyeiwekea kikomo cha askari. Mkulima wa Japani alibeba mzigo kama mwenzake wa Misri. Tofauti ni kwamba fedha ile ilibaki mikononi mwa serikali yake.

Na Ethiopia? Mfalme Menelik II aliwashinda Waitalia katika vita vya Adwa tarehe 1 Machi 1896 bila kiwanda kikubwa hata kimoja. Bunduki alizinunua, nyingine kutoka kwa Waitalia haohao, na fedha ilitoka kwa kahawa, pembe za ndovu na ardhi aliyoiteka kusini. Kwenye Victoria II uvamizi humpa "asiyestaarabika" pointi za utafiti, na watu hucheka wakisema ni upuuzi. Mimi naona kuna ukweli mchungu hapo. Ninachokilaumu ni kwamba gemu inakupa pointi bila kukuonyesha watu wa kusini waliogeuzwa kuwa watumishi wa askari wa mfalme. Mageuzi yalikuwa na wahanga wake hata pale yalipoiokoa nchi.

Hoja ya mwisho, nayo inaniuma: Victoria 3 imejaza sehemu kubwa ya Afrika ya 1836 kwa nchi ambazo mchezaji haruhusiwi kuzichagua. Zipo zikisubiri kutawaliwa. Naelewa ugumu wa kuzitengeneza zote, lakini anayejifunza historia kwa ramani ile ataondoka akiamini hapakuwa na maamuzi yaliyofanyika huko.

Kwa hiyo ndiyo, zicheze. Kama unaanza, chukua Japani kwenye Victoria 3 ili uwajue wenye ardhi, kisha hamia Misri. Na ukiwa Misri jiwekee sharti mwenyewe, maana gemu haitakuwekea: ushuru wa chini kabisa, na usikope hata senti kujenga viwanda. Utaona mahesabu yako yote ya ujenzi yanavyobadilika.