Bima ya afya ya kuondoka nayo kazini

SWALI: Nina miaka 56, naishi Marekani. Natafuta kazi itakayoniachia bima ya afya nikistaafu. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia serikali ya shirikisho, kwenye tovuti ya USAJOBS. Ukiajiriwa na miaka 57 ukatumikia miaka 5 kamili, ukifika 62 unastaafu kwa pensheni inayoanza papo hapo, na bima yako ya FEHB (bima ya afya ya wafanyakazi wa serikali ya shirikisho) unaendelea nayo. Pensheni ni ndogo, takriban asilimia 5 ya mshahara. Utajiri uko kwenye bima, kwa kuwa serikali inaendelea kuchangia ada yake.

Wengi hukwama kwenye tarehe. Jiandikishe ndani ya siku 60 za kuajiriwa, kwa sababu miaka 5 ya bima lazima iwe ile ya mwisho mfululizo kabla ya kustaafu. Tafadhali usiache kazi ukiwa na 61 hata ukichoka vipi: kama umetimiza miaka 5, pensheni utaidai baadaye, lakini bima itakuwa imekwenda. Kwenye tangazo hakikisha ajira ni ya kudumu; ya muda mfupi kwa kawaida haina pensheni.

Majimbo na kaunti kila moja ina kanuni zake. Uliza kwa maandishi: miaka mingapi, nani analipa, na je, wanaweza kubadilisha?