Ramani ya nyumba yangu sikutumii, ila kaa nikueleze

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Shikamoo mama. Nimeona picha za kijumba chako cha Mapinga, naomba ramani. Nina miaka 46, ni mtumishi wa umma, nataka kujenga kitu cha kuzeekea." Marahaba mwanangu. Ramani sikutumii, na si choyo. Ramani ile imechorwa kwa ajili ya kiwanja changu, jua linalopiga pale na magoti yangu mimi. Ukiihamishia kwako Kibaha au Chanika itakutesa. Nitakachokupa ni mawazo yaliyoizaa, na unisamehe nikirefusha, mwalimu akistaafu huwa anakosa wa kumfundisha.

Nimemaliza kazi nikiwa mwalimu mkuu. Serikalini ukifika 60 unaagwa kwa keki na kanga, halafu unabaki na kikokotoo, ile hesabu ya kugawa mafao yako. Sisi wa kanuni ya Julai 2022 tulipewa asilimia 33 kwa mkupuo, nyingine inadondoka mwezi kwa mwezi. Wenzangu wengi mkupuo ule waliufukia kwenye msingi wa nyumba ya vyumba vitano. Pita barabara ya Bagamoyo, kata kuingia ndani popote kati ya Bunju na Kerege, utayaona: maboma yaliyofika lenta yakasimama, nondo zimechomoza zinaliwa na kutu, mpapai umeota sebuleni na unazaa. Mwenye boma bado anapanga mjini.

Mimi niliamua mita tisa kwa tano. Basi! Chumba changu, sebule iliyoungana na jiko, choo na bafu, na chumba cha pembeni chenye mlango wake wa nje. Habari za kutafuta kiwanja, mpima na kibali cha halmashauri naziruka, kila mtu ana yake na zote zinachosha.

Ninayokumbuka ni maneno. Kwenye kikao cha harusi ya mpwa wetu, kaka yangu mkubwa, mbele ya mawifi na wakwe, alisema: "Mwalimu mkuu mzima anajenga banda la mlinzi, sijui nyumba yenyewe ataijengea wapi." Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, nikachangia ahadi yangu, nikaondoka kabla ya chai. Nakiri nilikuwa nimebakiza kidogo nimwite mchoraji aongeze vyumba viwili ili tu nisichekwe tena. Usiku huo nilikaa na kalamu nikaandika kitu kimoja tu: nani atapanda juu ya paa hili nikiwa na miaka 75? Kila nilichojenga kimetoka kwenye swali hilo, na ndilo ningependa ulianze nalo wewe, dada wa miaka 46, kabla hujafungua hizo picha za majumba kwenye simu.

Paa, basi. Siku hizi kila mtu anataka paa la kujificha, kuta zinapanda juu, bati halionekani, nyumba inakaa kama kiberiti. Shemeji yangu analo. Masika huku kwetu ni Machi mpaka Mei, maji yanajaa nyuma ya ule ukuta, mfereji ukizibwa na majani ya mwembe yanatafuta njia ya ndani. Jipsamu yake ilishuka yote chumbani kwa masta, na Mungu anisamehe, nilipopigiwa simu nilisema pole kwa mdomo tu. Langu ni la mgongo wa tembo, mteremko huku na mteremko kule, hakuna bonde hata moja la kukusanya maji. Bati nilikataa geji 30 nikachukua 28, nene zaidi, maana upepo wa bahari unafika kwangu na chumvi yake. Upenu nimeutoa sentimita 90 pande zote. Fundi alilalamika kwamba nazipoteza bati hewani. Nikamchorea chini kwa kijiti: huku tuko kama nyuzi saba kusini ya ikweta, mwezi Juni jua la saa sita linainamia kaskazini, na upenu wa urefu ule unatia kivuli zaidi ya mita moja na nusu ya ukuta. Lipu haihitajiki, rangi ya nje haihitajiki, madirisha hayaoshwi na mvua. Alinyamaza, akapaua.

Na hapo ndipo nyumba inapogeuziwa uso. Ukuta mrefu uangalie kaskazini na kusini, ukuta mfupi uangalie mawio na machweo, madirisha makubwa yote yakae kwenye zile kuta ndefu. Kusi ikivuma inaingia huku, kaskazi ikija inaingia kule, feni naiwasha nikiwa na wageni wa bara. Watu wanageuza nyumba iangalie barabara ili wapita njia waone mlango wa kuchongwa, halafu chumba cha kulala kinapigwa na jua la saa kumi hadi ukuta unabaki na moto mpaka usiku wa manane. Unamjengea mpita njia? Amekuchangia saruji?

Kuta ni tofali za kufungamana, zile ambazo Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamekuwa wakizihimiza. Udongo na saruji kidogo, zinashindiliwa kwa mashine, zinaachwa zikomae kivulini huku zikimwagiliwa maji, halafu zinapangwa bila udongo wa kuunganishia. Nje nimeziacha zilivyo. Fundi: "Mama, watu watasema hela imeisha." Nikamwambia waache waseme, wameshaanza. Sakafu ni saruji iliyosuguliwa ikang'aa, bila tailizi za kupasuka. Msingi ulitiliwa dawa ya mchwa kabla ya jamvi kumwagwa, hilo usibishane nalo. Na mchanga wa baharini usiuguse hata ukipewa bure, chumvi yake inakula nondo humohumo ndani ya zege.

Sasa kile chumba cha pembeni. Hapa ndipo wengi wanaponielewa vibaya, wanadhani kuishi padogo ni kujibana. Sisi wa Pwani tumezaliwa kwenye nyumba zilizojua kugeuka. Ile nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, baraza mbele: chumba leo analala bibi, kesho kimepangishwa, keshokutwa ni cha kijana aliyeoa, na hakuna aliyevunja ukuta. Nilichukua akili hiyo nikaitia kwenye chumba kimoja. Kilianza kuwa stoo ya saruji. Kikawa darasa la tuisheni. Kisha akapanga muuguzi wa zahanati, binti mtulivu, kodi yake ikalipa madirisha ya alumini na nyavu. Alipohamishwa kikazi, mama yangu akaanguka akavunjika nyonga.

Wadogo zangu wote wana majumba. La mmoja lina ngazi sita kabla hujafika mlangoni. La mwingine vyoo vitatu, na hakuna hata kimoja kinachopitisha kiti cha magurudumu. Kwangu kizingiti hakuna, milango yote ina upana wa sentimita 90, sakafu ya bafu imeinama kuelekea tundu la maji bila ile tuta ya kujikwaa. Mama akaja kwenye banda la mlinzi. Kati ya chumba chake na sebule kulikuwa na dirisha ambalo tangu mwanzo nililipatia upana wa mlango, na lenta imepita juu yake moja kwa moja. Fundi alitoa tofali za chini kwa asubuhi moja, likawa mlango, namsikia usiku akikohoa. Kaka naye huja kumsalimia mama, na akichelewa hulala pale kwenye kochi la sebuleni, feni imezimwa, asubuhi anasema kwako kuna upepo. Sijawahi kumkumbusha kile kikao. Najua anakikumbuka.

Kwa hiyo wanangu, fikirieni chumba kitakachobadilika kabla ya chumba cha kujionyesha. Kuta za ndani zisibebe kenchi, yaani zile mbao za kushikilia paa, paa likae juu ya kuta za nje peke yake, ili siku ukitaka kuondoa ukuta usimwite mhandisi. Upande mmoja wa nyumba uache meno, tofali zilizochomoza za kushikia ukuta mpya, na shimo la choo na chemba visiwe upande huo, maana ndiko utakakoongezea. Jiko na bafu vigawane ukuta mmoja, mabomba yote yapite hapo na yaonekane. Bomba lililozikwa ukutani likivuja utabomoa nusu ya nyumba ukilitafuta. Tena nasema, yaonekane. Watoto wa siku hizi mnaficha kila kitu, paa, mabomba, waya, mpaka madeni.

Maji nayo usiyasahau. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati langu pamoja na upenu linafunika kama mita 73 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inaniletea zaidi ya lita 1,000 hata ukitoa inayoruka pembeni. Gata, bomba la kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi, tangi la lita 5,000 juu ya jukwaa la tofali. Pampu sina, kwa hiyo pampu haijaniharibikia.

Wewe dada, kabla hujamwita mchoraji, nenda kiwanjani siku ya mvua uone maji yanaelekea wapi, urudi siku ya jua saa kumi jioni usimame pale unapotaka kitanda. Halafu niandikie tena, uniambie barabara iko upande gani na mteremko unaangukia wapi. Picha za sebule usinitumie.