Mpira wa pampu ya zege haupulizwi kwa haraka

Ujumbe huu uliingia Jumamosi usiku: "Kaka habari. Leo tumemaliza slabu, zege likabaki kwenye mpira, pampu ya kukokota, mita 40 za inchi 5. Maji yalikuwa yameisha. Fundi akasema tufunge kompresa tupulize tuwahi kuondoka. Kwanza halikutoka kitu, halafu likatoka lote kwa mkupuo, mpira ukaruka ukamgonga kijana begani. Tulikosea wapi? Na mpira ule tunaweza kuutumia Jumatatu?"

Mdogo wangu, pole kwa kijana. Kosa mlilifanya kabla ya kufunga kompresa, pale mlipoanza kumwaga zege bila kutenga maji ya kuoshea. Swali la Jumatatu nitalijibu mwishoni, maana jibu lake halieleweki bila haya ya katikati.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Kiswahili cha saiti kimetupa "mpira" kwa bomba linalopinda, kwa tufe la kusafishia, na kwa raba ya kwenye klempu, kile kibano kinachounga mabomba. Watu wanaumia kwa sababu mmoja amesema "toa mpira" na mwenzake akatoa mwingine. Hapa mpira ni bomba lenyewe, tufe nitaliita sponji, na ile raba ya klempu nitaiita gasketi. Chagueni maneno yenu na nyinyi kabla ya kazi, yawe yale yale kwa opereta na kwa saidia fundi.

Sasa hesabu. Mpira wa inchi 5, yaani milimita 125, unabeba lita 12 na kidogo za zege kwa kila mita. Hiyo ni karibu kilo 30 kwa mita, bila uzito wa mpira wenyewe. Mita 40 zenu zilikuwa na lita 490, karibu nusu kyubiki (nusu mita ya ujazo), uzito wa kilo 1,180 hivi. Kompresa ya kawaida ya saiti inatoa presha ya baa 7. Baa 7 kwenye mdomo wa milimita 125 ni msukumo wa karibu kilo 875. Hata baa moja tu, ambayo kwenye geji, kile kipimo cha presha, haimtishi mtu, ni kilo 125.

Mwanzoni zege lote limo ndani na linashikana na kuta za bomba, ndiyo maana "halikutoka kitu". Mtu wa kompresa anaona kimya, anaongeza. Upepo unabanwa, unajikusanya nyuma ya sponji kama springi. Zege likianza kusogea, linapungua mbele, na msuguano unapungua nalo. Zikibaki mita 5 za zege, nyuma yake kuna mita 35 za upepo uliobanwa na hakuna kinachoushika. Hapo ndipo zege, kokoto na sponji vinatoka kama risasi na mpira unachapa. Kuzima kompresa wakati huo hakusaidii kitu, kwa sababu nguvu imeshaingia ndani ya bomba. Maji hayana tabia hiyo. Hayabanwi, kwa hiyo ukisimamisha pampu msukumo unakufa pale pale.

Kwa sababu hiyo mpangilio wangu wa njia za kusafisha haubadiliki: kwanza kuvuta nyuma, kisha maji, upepo mwisho kabisa na kwa masharti. Atakayekwambia upepo ni njia ya mafundi wazoefu, mwulize kwanza kikapu chake cha kukamatia sponji kiko wapi.

Kuvuta nyuma kunafaa zaidi pampu ya gari yenye mkono. Unaacha zege kwenye hopa, lile beseni la pampu linalopokea zege, lishuke hadi karibu na shafti ya kukorogea, ili kuwe na nafasi ya kupokea lile linalorudi. Unapiga rivasi, yaani pampu inavuta badala ya kusukuma, mapigo mawili au matatu kuondoa presha. Kisha unasimamisha pampu, unaingiza sponji laini iliyolowa kwenye mdomo wa mpira wa mwisho, unarudisha rivasi polepole, na hewa ya nje inaisukuma sponji kuelekea hopa. Nyanyua mkono wa pampu ili uzito wa zege usaidie kushuka. Njia hii ina kikomo, na watu wengi hawakijui. Kuvuta hakuwezi kuzidi presha ya hewa ya dunia, baa moja, na baa moja inanyanyua zege mita 4 tu na kidogo. Kwenye mstari mrefu wa mabomba uliolala chini, msuguano unakula baa hiyo mapema na zege linagoma. Mstari wenu wa mita 40 usingerudi wote kwa kuvuta.

Kwa pampu ya kukokota, kwa hiyo, ni maji. Na maji yanaanza kwenye oda ya zege. Lile nusu kyubiki lililomo kwenye mstari ni zege zuri, si taka. Ukijua limo, unasimamisha kujaza hopa mapema na kusukuma lililobaki liende kwenye slabu. Maji ya kutenga: lita 490 za kujaza mstari, pamoja na ya kuosha hopa, silinda na vifaa. Kwa mita 40, tanki la lita 1,000 lililojaa linatosha bila kubana sana. Liwe pembeni ya pampu tangu asubuhi na mtu asilichotee maji ya kumwagilia nguzo.

Zege likishuka kwenye hopa, piga rivasi mapigo mawili au matatu. Soma geji ya presha, isubiri ishuke hadi sifuri. Zima injini, ufunguo uingie mfukoni mwa yule atakayefungua klempu. Fungua mlango wa chini wa hopa, osha hopa kwa mpira wa maji na ufunge tena. Sasa fungua klempu ya kwanza baada ya pampu. Simama upande, si mbele ya mdomo, na juu ya klempu weka mfuko au turubai. Toa zege la urefu wa kama sentimita 30 kwa kijiko kirefu cha chuma, si kwa mkono. Lowesha mifuko mitupu ya saruji, ile ya karatasi, iviringe ikaze, isokomeze, halafu nyuma yake weka sponji ngumu. Kwa bomba la milimita 125, sponji ya milimita 150 hivi inakaa vizuri. Lazima ukaze mkono kuiingiza. Ikiingia kirahisi imechakaa.

Karatasi ile si ushirikina wa saiti. Maji yakipenya mbele ya sponji yanaosha saruji kutoka kwenye zege, na kinachobaki ni kokoto na mchanga mtupu. Kokoto zisizo na uji zinashikana kama ukuta, na bomba linaziba wakati watu wameshaanza kukusanya majembe.

Osha gasketi na mdomo wa bomba, funga klempu, weka pini yake. Klempu isiyo na pini inaweza kufunguka yenyewe bomba likitikisika. Jaza hopa maji, anza kusukuma kwa mwendo wa chini. Kazi ya mtu mmoja hapa ni kuangalia hopa tu, asiagizwe sigara wala soda. Maji yakishuka chini ya tundu la silinda, pampu inameza hewa, na hapo umetengeneza kompresa yako mwenyewe ndani ya mstari, na hukupanga.

Upande wa pili, mtu amesimama mbali na mdomo. Mpira wa mwisho wa mita 4 ukichapa unafagia duara la mita 8, kwa hiyo ndani ya duara hilo hasimami mtu, wala kushika mpira "autulize". Mdomo uangalie shimo au pipa, kamwe usiangalie njia. Mpira ukipinda kama goti, simamisha pampu kwanza. Anayeuvuta unyooke ukiwa na presha anafyatua bunduki.

Kujua zege limefika wapi, kwenye bomba la chuma gonga kwa nyundo ndogo. Lililojaa linajibu "dup", tupu linalia kama kengele. Mpira wa raba usiugonge, ukanyage kwa gambuti pampu ikiwa imesimama na presha imetoka: wenye zege ni mgumu kama gogo, wenye maji unabonyea kidogo.

Upepo sasa. Kama hakuna namna nyingine, vitu hivi viwepo vyote, na kikikosekana kimoja kazi haifanyiki. Mpira wa raba wa mwisho unaondolewa. Upepo unapita kwenye mabomba ya chuma yaliyofungwa imara tu. Mwisho wa mstari kinafungwa kikapu cha chuma cha kukamata sponji. Kifuniko cha kuingizia upepo kina geji na valvu mbili, moja ya kuingiza na moja kubwa ya kutolea upepo nje, na mkono wa mtu haubanduki kwenye ile ya kutolea. Unaanza na presha ndogo. Zege likigoma, huongezi: unatoa upepo wote hadi geji isome sifuri, kisha unatafuta palipoziba. Hakuna klempu inayoguswa kabla ya sifuri, hata kama sponji imeshatoka, maana inaweza kuwa imepasuka na kipande kimebaki kimeshikilia upepo nyuma yake. Kwenye ujumbe wako, mdogo wangu, hakikutajwa hata kimoja kati ya hivi.

Na bomba lililoziba halizibuliwi kwa upepo. Nasema bila kusita. Rivasi mapigo mawili matatu, mbele kidogo, rivasi tena. Likikataa, acha kulazimisha, tafuta palipoziba kwa nyundo, toa presha, fungua, mwaga kwa mkono. Opereta anayelazimisha mbele anakaza tu kizibo, na kwenye pampu kubwa presha ya zege inaweza kupita baa 80. Jifikirie uko karibu na klempu iliyochakaa wakati huo.

Kuna mtego mwingine kwenye hopa ambao haupigi kelele. Ndani yake kuna bomba la S linaloruka kutoka silinda moja kwenda nyingine. Pampu nyingi zina akumuleta, chupa inayotunza presha ya haidroliki, na presha hiyo inabaki hata injini ikizimwa. Bomba la S linaweza kuruka mara moja zaidi na injini iko kimya, na mkono ulio katikati haubaki. Kwa hiyo valvu ya kutoa presha ya akumuleta inafunguliwa, geji inasoma sifuri, ndipo wavu wa juu ya hopa unanyanyuliwa. Sanduku la maji lililo kati ya silinda ni vivyo hivyo: lifungue, limwage, lioshe, lakini vidole havipiti chini ya kifuniko pampu ikiwa hai.

Vaeni. Tope la saruji linaunguza ngozi polepole, bila kuuma mwanzoni. Mtu anagundua jioni akivua gambuti lililoingia uji, na soksi inatoka na ngozi. Glovu za mpira, si za kitambaa. Miwani inayofunga pembeni, gambuti refu na suruali iwe nje ya gambuti ili uji usiingie ndani. Tope likiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 20 bila kukoma, kisha hospitali siku hiyo hiyo hata kama jicho "limetulia".

Maji ya kuoshea yasiende kwenye mtaro wa barabarani. Yanaganda huko, na mvua za masika zikija mtaro umeziba na jirani anajua ni nani. Chimba shimo la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, kina nusu mita. Hiyo ni lita 1,100 na kidogo. Tandika nailoni nzito. Maji ya juu yakishakauka, chini kuna bamba la zege la kuvunja na kujazia kifusi.

Sasa Jumatatu. Mpira uliochapa namna hiyo usiurudishe kazini kabla ya kuukagua, na kuukagua si kuutazama kwa mbali ukiwa umekunjwa. Unyooshe wote juani. Angalia pale raba inapoingia kwenye chuma cha mwisho. Kama raba imesogea hata milimita chache, utaona mstari safi usio na vumbi, na mpira huo umekwisha. Pitisha kiganja kwa urefu wote kutafuta uvimbe au sehemu laini. Mulika ndani kwa tochi kutoka pande zote mbili. Kama kuna zege lililoganda, usiupige nyundo kulivunja: nyundo inakata nyaya za ndani, na kipande kinachobaki kitang'oka siku nyingine na kuziba mstari katikati ya kazi. Ukiona nyaya popote, ndani au nje, ukate mpira huo vipande vya mita moja leo leo, kabla mtu hajaupitia stoo na kuufunga tena.