Darasa la watu 300, kila mmoja na hali yake: anzia kwenye mpango wa kozi

Mkuu, umeuliza mhadhiri msaidizi aliyepangiwa darasa la watu zaidi ya 300 atamsaidiaje kila mmoja kwa hali yake: huyu Kiingereza kinampiga chenga, yule haoni, mwingine ana mtoto mchanga, mwingine boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, halijaingia. Nafundisha uchumi kwenye chuo cha umma hapa Tanzania, na ninachoamini ni hiki: huwezi kuwasikiliza wote mmoja mmoja, kwa hiyo panga kozi yako tangu mwanzo ili mwenye shida asilazimike kuja kukupigia magoti. Wenye shida kubwa ndio wanaoona haya kuliko wote kugonga mlango wa ofisi.

Lugha kwanza, maana ndiko wengi wanakopotelea. Wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari wakakariri kwa Kiingereza, na kwako wanaandika kilichomo kwenye desa, zile notsi za kurithishana, neno kwa neno. Usikimbilie kumwita mtu mvivu. Nilikuwa na kijana aliyekaa kimya karibu muhula mzima. Siku moja kwenye semina nikaomba mtu aeleze, kwa Kiswahili, kwa nini wakulima wakivuna nyanya nyingi mno wanaweza kupata hela kidogo kuliko mwaka wa uhaba. Akasimama yeye. Akasema mama wa nyumbani hata bei ikishuka nusu hanunui nyanya mara mbili, sufuria lake ni lilelile, kwa hiyo bei inaporomoka kuliko mauzo yanavyopanda. Mada ile tulikuwa tumeihangaikia wiki mbili kwa grafu! Kuanzia hapo kazi yangu kwake ikawa kumpa sentensi za Kiingereza za kueleza anachokijua tayari.

Mtihani utafanyika kwa Kiingereza, huo ndio utaratibu. Lakini semina ni mahali pa kufikiri, kwa hiyo ruhusu swali la Kiswahili. Kisha wiki ya pili au ya tatu toa kazi fupi ya ukurasa mmoja, isiyo na alama nyingi, uwajue wanaohitaji kushikwa mkono kabla ya test ya kwanza. Kusubiri sapu, mtihani wa marudio wa waliofeli, ndipo umjue mwanafunzi ni kumchelewesha bure.

Suala la pili linaniuma kwa sababu dawa yake ni rahisi. Wengi wetu tunapiga picha kurasa za kitabu kwa simu, tunazigeuza PDF na kumrushia CR, kiongozi wa darasa, azisambaze kwenye kundi la WhatsApp. Kwa mwanafunzi asiyeona, faili hilo ni karatasi tupu. Programu kama NVDA ya kompyuta, ambayo ni ya bure, au TalkBack ya simu za Android, zinasoma maandishi kwa sauti, na picha ya ukurasa haina maandishi ndani yake. Jipime hivi: fungua faili, jaribu kunakili sentensi moja. Ukishindwa kuishika kwa kidole, basi na programu yake huenda ikashindwa. Tafuta nakala yenye maandishi au ichape upya, na umpe kabla ya kipindi. Ubaoni nako acha kusema "hii ikikutana na hii hapa". Sema "mstari wa mahitaji unashuka kutoka kushoto kwenda kulia, unakutana na wa ugavi kwenye bei ya shilingi 800". Aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi naye atakushukuru. Na muda wa ziada wa mtihani wa asiyeona uuombe ofisi ya mitihani wiki kadhaa kabla. Usimwache mwenyewe ajieleze kwa msimamizi asubuhi ya paper.

Kuhusu hela, usidai kila kazi iprintiwe steshenari. Pokea ya kuandika kwa mkono au ya kwenye mfumo. Jaribio la mtandaoni liache wazi siku nzima, maana bando na umeme havina ratiba. Na usipange test za usiku, kuna mabinti wanaorudi gheto kwa miguu.

Sasa mimba, ugonjwa, msiba. Hapa anachohitaji kwako ni taarifa sahihi, na mapema. Wengi wanapotea tu darasani, halafu wanakuja kukuta wamedisko, yaani wameondolewa masomoni, wakati wangeweza kuandika barua ya kuahirisha masomo, au kupeleka cheti cha hospitali wakapangiwa mtihani mwingine. Waeleze darasa zima siku ya kwanza: barua inaandikwaje, inapitia kwa nani, mwisho lini. Mengine mpeleke kwa Mshauri wa Wanafunzi. Mtu akilia mbele yako msikilize, lakini wewe si mnasihi, na mtu aliyesomea kazi hiyo atamsaidia kuliko wewe.

Akija ofisini, mlango uwe wazi na saa ziwe za kazi. Usimwite mwanafunzi nje ya chuo kwa jina la kumsaidia. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na mwanafunzi aliyewahi kudaiwa mwili na mhadhiri mmoja hatamwamini mwingine, hata mwenye nia njema. Ukimsikia mwenzako wa idara anafanya hayo na ukanyamaza, yote niliyokuandikia juu hayatamfikia yule binti.