Barua kwa mwanangu: mjomba wako hakupigwa na jini

Marahaba, mwanangu Hamisi.

Unaniuliza imekuwaje mwenzako wa ofisini hapo Dodoma, kijana wa miaka 33, apate kiharusi asubuhi akiwa na kikombe cha chai mkononi, na wewe ulidhani huo ni ugonjwa wa wazee. Katika miaka yangu ya uuguzi niliulizwa hivyo na kina mama wengi kwenye korido za wodi. Wewe nitakujibu kuanzia nyumbani, maana kuna jambo tulikuficha.

Mjomba wako Salehe, unayemjua kwa kuburuta mguu, hakupigwa na jini ufukweni. Alikuwa na miaka 38. Presha yake niliipima mwenyewe miezi michache kabla: 190 kwa 120. Akaandikiwa vidonge, akavimeza wiki tatu, akaacha. "Dada, mbona sijisikii kuumwa?" Presha ndivyo ilivyo, haiumi. Inazipiga kuta za mishipa usiku na mchana hadi mshipa wa ubongo upasuke, au ukakamae na kuziba. Vyote viwili twaviita kiharusi, ila tiba zake hazifanani. Ndiyo maana mgonjwa hapewi aspirini nyumbani kabla ya picha ya kichwa: kama mshipa umepasuka, damu itazidi kuvuja.

Siku ile mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa kama ya mlevi. Bibi yako akasema ni upepo mbaya. Akaitwa mganga, Salehe akafukizwa ubani, akanyweshwa uji ukampalia, kifua kikachafuka. Siku nne tukakaa hivyo. Na mimi, muuguzi mzima, nimejikunyata mkekani kimya, naogopa kuwavunjia wakubwa heshima. Siku hizi kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Wakati ule hospitali yetu haikuwa nayo. Lakini tungemkimbiza huko, uji ule asingenyweshwa.

Sasa mwenzako. Presha itatafutwa kwanza hata kwa kijana, pamoja na kisukari na sigara (zako pia, unazodhani sizijui). Ila daktari makini haishii hapo. Atausikiliza moyo, kwa sababu maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri huweza kuishia kuharibu vali za moyo, kisha donge la damu likatoka humo na kwenda kuziba mshipa kichwani. Atapima VVU na kaswende, maana vyote viwili huweza kuidhuru mishipa ya ubongo. Ataulizia selimundu (sikoseli), ambayo huwapa kiharusi hata watoto wadogo.

Na ataulizia shingo. Hili watu hawalijui. Ajali ya bodaboda, au hata kuzungushwa shingo kwa nguvu, huweza kuchana utando wa ndani wa mshipa unaopeleka damu kichwani. Damu inaganda pale kwenye mchaniko, halafu inapanda juu. Yule kinyozi wako anayekukamata kichwa na kukizungusha mpaka shingo ilie "ka!", mwambie akunyoe tu, inatosha.

Lingine nasema kwa tahadhari, sitaki kuingia chumbani kwenu. Mkeo aliniambia anaumwa kipandauso, na kabla hakijaanza huona vimulimuli. Kama vidonge vyake vya uzazi wa mpango vina homoni ya estrojeni, amweleze mhudumu kuhusu vimulimuli hivyo, naye atamtafutia njia nyingine, zipo nyingi. Mwenye kipandauso cha namna hiyo anayemeza vidonge hivyo, akiwa pia anavuta sigara, hatari ya kiharusi inazidi mara dufu na zaidi. Na mkeo akipata mimba, presha ipimwe kila anapohudhuria kliniki, hata foleni iwe ndefu namna gani.

Salehe nimemsomea barua hii. Amecheka hapo kwenye jini, akaniambia niitume.

Jumamosi nenda kapime presha. Kaa dakika tano kwanza, usipime ukiwa umetoka kupanda ngazi. Ikifika 140 kwa 90, rudia siku nyingine, na ikibaki hapohapo muone daktari. Nitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Usiniandikie "iko sawa, mama".

Mama yako,
Tanga