Mtaka gari sharti ainame

Nilijua Starlet yangu imekwisha siku moja ya masika, nilipofika skuli Chake Chake pindo la baibui limelowa chapachapa na mimi sikuteremka njiani hata mara moja. Maji yalikuwa yakiingia kwa chini. Nikafunua zulia pale kwenye kanyagio la klachi, nikaona ardhi ya uwanja wa skuli. Kitundu cha ukubwa wa kisahani cha kikombe, na pembeni mwake bati linamomonyoka kama mkate mkavu.

Gari ile ya 1997 ilinibeba miaka tisa, Wete na Chake, kilomita kama 30 kwenda na 30 kurudi. Injini ilikuwa nzima, asubuhi ufunguo mmoja tu inawaka. Hilo ndilo lililonifanya niandike haya, maana kila anayetaka kubadilisha gari ananiuliza swali lile lile: ipi inakula mafuta kidogo? Swali zuri, lakini huku kisiwani Pemba ni la pili. La kwanza ni kutu.

Kabla ya hapo, ushauri mmoja wa bure. Usikimbilie kuuza gari kongwe kwa sababu inakula mafuta, mpaka ujue kwa nini inakula. Jaza tangi sheli mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, tembelea wiki nzima, kisha rudi ujaze sheli ile ile. Gawa kilomita ulizokwenda kwa lita ulizotia. Mimi nilipata 9. Kigari cha injini ya saizi 1,300 (cc), kilomita 9 kwa lita! Kila mwezi ZURA, wale wanaopanga bei ya mafuta Zanzibar, wakitangaza bei mpya nilikuwa nashika roho.

Nikampelekea mjomba hesabu yangu. Mjomba kaendesha malori ya karafuu mpaka akastaafu, na hakuangalia hata karatasi.

"Mwanangu, themostati imo?"

Haikuwamo. Fundi mmoja aliitoa miaka ya nyuma, gari ilipochemsha, akanambia nchi ya joto hii haina haja nayo. Wengi tumeambiwa hivyo. Sasa themostati ni kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Ukiitoa, injini inabaki vuguvugu njia nzima, na kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, kwa hiyo inazidisha petroli. Nilipoirudisha, kipimo kikapanda mpaka kilomita 11 kwa lita. Kwa siku 22 za kazi, kilomita 1,320, hizo ni lita kama 27 nilizookoa kila mwezi, kwa kidude kinachoenea kiganjani. Zile pesa ndizo zilizoanza kibubu cha gari mpya. Mpya kwangu, nataka kusema.

Mjomba ana vifaa vitatu vya kukagulia gari: tochi, bisibisi, na kipande cha mkeka mkuukuu. Haniruhusu kufungua boneti kwanza. Anatandika mkeka, analala chali, anaingia uvunguni miguu ikabaki nje, halafu unasikia anagonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia ngo, ngo. Bati lililoliwa linajibu bubu, kama unagonga boksi. Nimejifunza kulala mwenyewe, baibui navua, navaa kanzu ya zamani. Gonga chini ya milango kwa urefu wake, gonga pale jeki inaposhika. Fungua buti, toa tairi la akiba, chunguza shimo lake lote. Kisha fungua boneti, lakini si kwa kutazama injini, tazama vile vichwa vya shokapu kule juu, bati lililovizunguka kama limepasuka au limevimba rangi. Na ukikuta uvungu mzima umepakwa rangi nyeusi mbichi juzi, uliza inaficha nini. Mpini wa bisibisi utakwambia kabla ya mwenye gari.

Injini ya gari hizi inabadilishwa kwa siku mbili, na za kubadilishia zipo. Bati lililooza unachomelea leo, mwakani linaoza pembeni ya pale ulipochomelea.

Haya, aina. Passo ya saizi 1,000 yenye silinda tatu inakula kidogo kweli, ukiwa peke yako na njia tambarare. Mimi napakia walimu watatu tunaochangia petroli, na Pemba ni vilima. Ukiwa unaikanyaga mpaka chini kila mlima, ile faida inabaki kwenye karatasi. Nikaamua 1,300. Ile injini ya 1,300 iliyomo kwenye IST, na ya 1,500 ndugu yake, zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo umeepukana na gharama ya kubadilisha mkanda. Gari iliyoandikwa D-4 juu ya injini niliikwepa, petroli inapigwa ndani ya silinda moja kwa moja na mafundi ninaowajua mimi hawaitaki karibu. Zenye gia ya otomatiki aina ya CVT, kama Honda Fit za mwanzo na baadhi ya Vitz, si mbaya, ila zinataka oili yake maalumu, na huwezi kujua aliyekuwa nayo kabla yako alimimina nini. Wapo wanaonisukuma nichukue Aqua ya haibridi, ya petroli na umeme. Inakula kidogo mno, sibishi, hasa kwenye foleni. Wete foleni iko wapi? Na betri ikinigomea nimpelekee nani? Ninachotaka mimi ni gari ambayo bushi yake nikiikosa Wete naipata Chake, na nikiikosa Chake inakuja na meli kutoka Unguja.

Kwa hiyo nikaenda Unguja na mdogo wangu wa kiume. Dalali wa kwanza muda wote alikuwa anazungumza naye yeye, "kaka, mwambie dada gari hii ilikuwa ya mama mmoja wa ofisini," na huyo kaka hana hata leseni. Gari inang'aa, zulia limefuliwa, inanukia. Boneti ina moto, na tumefika saa mbili asubuhi. Mtu kaiwasha mapema ili isitaabike mbele yetu. Nikakaa kiti cha nyuma, nikauvuta mkanda mpaka mwisho. Kipande cha mwisho, kile kisichotoka kwenye kiota chake siku za kawaida, kilikuwa na mstari mweupe wa chumvi, na mchanga ukanimwagikia mapajani, laini kama unga uliochekechwa. Mchanga wa pwani. Dalali akasema watoto walikwenda kuoga. Sikubisha. Nikamshukuru, tukaondoka.

Ya pili ilikuwa IST ya 2004, mlango mmoja umekwaruzwa, kiti kina tundu la sigara. Nilimpigia mwenyewe usiku, nikamwomba asiiwashe mpaka nifike. Saa moja asubuhi boneti ni baridi. Ikawaka mara moja, bila moshi. Kizibo cha oili ndani hakina utando mweupe kama maziwa, ambao maana yake maji yanachanganyika na oili. Gia ya kurudi nyuma ikaingia bila kukawia na bila kugonga. Nikazungusha usukani mpaka mwisho, nikaenda duara, kulia kisha kushoto, nisikie kama miguu ya mbele inalia ka-ka-ka. Kimya. Kilomita za kwenye dashibodi sikuzijali, zinarudishwa nyuma hizo. Nilitazama mpira wa kanyagio la breki, ulivyolika. Jina kwenye kadi ni la mwenyewe, kitambulisho kinaafiki. Tairi ndizo zilizonipa punguzo: tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, zake ziliandikwa 1415, yaani wiki ya 14 ya 2015. Bei ikashuka kwa thamani ya tairi nne. Halafu nikatandika mkeka. Ngo, ngo, mpaka nyuma.

Kuvuka nayo kuja Pemba ni suala jengine. Gari inakaa juu ya meli inanyunyiziwa maji ya bahari, kwa hiyo siku ile ile inayoshuka ioshe uvungu kwa mpira wa maji yasiyo na chumvi, usingoje Ijumaa. Nikaipaka kinga ya kutu chini, na vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango nikamkataza fundi asivizibe. Vikizibwa, maji ya chumvi yanalala humo humo.

Sasa napima kila mwezi. Inanipa 14, tukiwa wanne. Msimu wa karafuu nikimpakilia mama magunia yake inashuka mpaka 12, na harufu inabaki mwezi mzima. Starlet, injini yake ilichukuliwa na fundi wiki ya kwanza, kaifunga kwenye gari nyengine na inatembea. Bodi iko uani kwetu, kuku wanatagia kiti cha nyuma.