Soma, Tukusikie Ukikosea

Swali la wiki liliuliza: kwa kuwa kila mtu sasa ana msahafu na vitabu vya chuo kwenye simu, kusoma kwa sauti katika ibada na darasani kuna haja gani?

Haja ni kukosolewa. Asomaye kimoyomoyo hukosea bila shahidi.

Tazameni sala. Alfajiri, na rakaa mbili za mwanzo za Magharibi na Isha, imamu husoma kwa sauti. Akisahau aya au akiruka neno, maamuma (anayesali nyuma yake) anayeijua humtajia papo hapo, sala ikiendelea, naye hurudi akasahihisha. Awe sheikh mkubwa namna gani, atatajiwa, hata na kijana wa nyuma yake aliyehifadhi. Adhuhuri anaposoma kimya, hakuna wa kumtajia.

Darsa za Ramadhani nilizokulia Mombasa zilikuwa hivyo hivyo. Baada ya Alasiri msomaji alisoma kipande cha Kiarabu, akasita, sheikh akafasiri kwa Kiswahili. Msomaji akiteleza irabu, alirudishwa. Wazee waliokwisha kukisikia kitabu kile miaka nenda miaka rudi walikuja vilevile, na wao ndio waliokuwa wa kwanza kukohoa penye kosa.

Tuje chuoni. Waingereza humwita mhadhiri kwa neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kusoma, kwani kabla ya uchapaji vitabu vilikuwa adimu, na mwalimu aliwasomea wanafunzi. Sisi tulichukua mhadhara kutoka Kiarabu, ndugu wa hadhara na kuhudhuria. Nalipenda zaidi letu. Nimewaona wenzangu (nami nimo) wakisoma slaidi neno kwa neno mbele ya ukumbi uliojaa, pasi na wa kuwasimamisha. Ile ni redio.

Mimi hufundisha ushairi. Utenzi una mizani (yaani silabi) 8 kila kipande, na wanafunzi wakihesabu kwa macho hupotelea kwenye maneno kama "mtu": wanaona mizani moja, kumbe ile "m" inajitegemea, ni mbili. Kwa hiyo mmoja husimama akasoma, wengine wakagonga meza kila mizani.

Muhula uliopita nilisoma mwenyewe, mbiombio, ubeti ninaoujua kwa ghibu. Meza zikagongwa mara 7. Binti mmoja wa safu ya nyuma akasema, "Rudia, Mwalimu."